Kuchagua Baiskeli ya Ufukweni: Anza na Chumvi, Malizia na Rangi

Baiskeli nyingi za pwani hazifi kwa safari, zinakufa kwa chumvi. Nimekaa Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, muda wa kutosha kuona baiskeli mpya kabisa, yenye gia 21 na shokapu mbele na nyuma, ikigeuka chuma chakavu kabla ya kutimiza mwaka. Ya kwanza niliyonunua mwenyewe ilikuwa ya namna hiyo. Mwezi wa nne cheni ilianza kukwama. Wa sita waya za gia ziligoma ndani ya mipira yake. Wa nane fundi alinifungulia gurudumu la nyuma, na gololi zikatoka zimelowa maji mekundu ya kutu. Sikuwa nimeitumbukiza baharini hata siku moja. Upepo wa bahari na mchanga mbichi uliorushwa na tairi vilitosha.

Tangu hapo natumia baiskeli aina ya kruza, na ndiyo ninayoishauri kwa mtu anayeishi karibu na maji ya chumvi: tairi nene, usukani mpana uliorudi nyuma, kiti kikubwa, gia moja, na breki inayoshika ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Umbo hili lilizaliwa Marekani. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye tairi nono za upana wa inchi 2.125, wakati tairi zilizozoeleka huko zilikuwa nyembamba na za kubandikwa kwa gundi kwenye ringi. Zilitengenezwa kwa ajili ya vijana wanaopita juu ya mawe na ukingo wa barabara. Baadaye watu wa fukwe za California waligundua kwamba tairi hizo hizo, na ule uchache wa vipuri, vinafaa mchangani kuliko baiskeli za kisasa zilizofuata. Hata kwetu sababu ni ile ile.

Hatua ya 1: Pima njia zako kabla ya kupima baiskeli

Kwa wiki moja angalia unapita wapi hasa. Anayelala Paje na kufanya kazi Jambiani ana lami, na ana ufuo maji yakishapwa. Wa Kigamboni au Diani ana lami pia, vichochoro vya mchanga, na ufuo. Lami haisumbui baiskeli yoyote. Vichochoro ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa sababu mchanga wake ni mkavu na umevurugwa na miguu na magari. Hapo hata tairi nene inazama na utashuka usukume. Ufuo wenyewe, ukizijua saa zake, ni mgumu kama sakafu.

Saa zake ni saa za maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hapa Unguja inaweza kukaribia mita 4, na maji huwa yamekauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za baiskeli ufukweni. Mchanga ni mbichi, umeshikana, na upana wake unatosha watu kumi kwenda sambamba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hairudi mbali, na unachobakishiwa ni mkanda mwembamba karibu na mchanga mkavu. Ondoka nyumbani muda wa saa moja na nusu hivi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, ili urudi yakiwa bado mbali.

Na upepo uuhesabu. Wakati wa kusi, ule upepo utokao kusini, anayetoka Paje kwenda Jambiani anapigwa kifuani njia nzima. Mimi huanza safari kwa kuukabili upepo, miguu ikiwa na nguvu, nikarudi nikisukumwa. Mwenye usukani wa kruza, aliyekaa wima kama kitini, anaupokea upepo kuliko aliyeinama, na hili nitalirudia kwenye gia.

Ukikuta mchanga unaupita mara mbili tu kwa mwezi, usinunue kruza. Chukua baiskeli ya mtumba ya mjini kutoka Japani yenye kava la cheni, itakutosha, na utasoma hapa chini sehemu ya kutu na ukaguzi tu.

Hatua ya 2: Tairi, na ule mtego wa inchi 26

Mchangani upana ndio unaokubeba. Tairi ya milimita 37, kama za baiskeli za mjini za Kijapani, inakata mchanga kama kisu. Ya inchi 2.125, yaani kama milimita 54, inapita juu ya mchanga mbichi ikiacha alama ya kina kidogo tu. Zipo hata za inchi 4, zilizotengenezwa kwa theluji na mchanga mkavu. Zinafanya kazi kweli, lakini ni nzito, ni ghali, na tyubu yake ikipasuka kijijini unaweza kukaa wiki ukiisubiri. Kwa baiskeli ya kila siku sizishauri.

Sasa sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Baiskeli mbili zinaweza kuitwa zote "inchi 26" na tairi ya moja isiingie kwenye nyingine kamwe. Tairi ya 26 × 2.125 inakaa kwenye ringi ya milimita 559. Tairi ya 26 × 1 3/8, ya zile za Kijapani, inakaa kwenye ringi ya milimita 590. Zinapishana kwa zaidi ya sentimita tatu. Phoenix ya kizamani, ile ya breki za fito ambayo wazee wetu walibebea nazi na samaki, inatumia 28 × 1 1/2, ringi ya 635, nayo pia haipokei tairi nono. Kwa hiyo usikubali maneno ya "tutaibadilishia tairi tu". Inama, usome ubavuni mwa tairi. Utakuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 54-559 au 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni ringi. Unatafuta 559. Kama namba hizo zimefutika, angalia jinsi upana ulivyoandikwa: 26 ikifuatwa na nukta, kama 1.75, 1.95 au 2.125, kwa kawaida ni jamii ya 559. Ikifuatwa na sehemu, kama 1 3/8, ni ukoo mwingine.

Kisha pima nafasi. Kati ya tairi na uma wa mbele, na kati ya tairi na fremu kule nyuma, penseli lazima ipite kila upande bila kugusa. Mchanga uliolowa hushika tairi na kujikusanya hapo, na pasipo nafasi unasaga rangi ya fremu mpaka chuma kinabaki uchi mbele ya chumvi.

Kashata za tairi, yale meno makubwa ya baiskeli za mlimani, hazikusaidii ufukweni. Zinachimba. Chagua tairi laini au yenye michoro ya juujuu.

Upepo wa tairi ndio unaoamua kama utaendesha au utasukuma. Kwenye lami mimi, mtu wa kilo 70 hivi, najaza psi 40. Nikifika ufuoni nashusha hadi 20 au 25, mpaka kidole gumba kikibonyeza tairi inaingia kidogo. Chini ya hapo ni hatari, maana ukikanyaga jiwe la matumbawe ringi inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Ukirudi barabarani jaza tena. Pampu ndogo ifungwe kwenye fremu muda wote. Na ukiweza kuchagua, chukua tyubu yenye valvu kama ya gari badala ya ile ya zamani yenye kimpira ndani, kwa sababu fundi yeyote wa pikipiki ana mashine ya kuijaza. Kwenye mashine hizo jaza kwa kugusagusa, si kwa kushikilia, kwani tairi ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache.

Hatua ya 3: Gia moja, na breki iliyofichwa

Kila kipande kilicho wazi ni mlango wa chumvi. Mfumo wa gia za nje una waya, springi, vigurudumu vidogo na cheni nyembamba, vyote vikiwa sentimita chache kutoka ardhini, pale hasa mchanga unaporuka. Gia moja inaondoa vyote hivyo. Cheni yake ni nene zaidi, ya inchi 1/2 × 1/8, na inavumilia hata ikichelewa kupakwa mafuta.

Breki ya kukanyaga nyuma imefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Haina waya wala mpira wa breki, na mvua au maji ya chumvi hayaipunguzii nguvu. Linganisha na breki ya mpira inayobana ringi ya chuma iliyopakwa kromu: ikilowa inateleza, na unafika ulipotaka kusimama ukiwa bado unakwenda. Nimeona mtoto akigonga ngalawa iliyoegeshwa ufuoni kwa sababu hiyo tu. Lakini breki ya ndani nayo ina masharti yake. Cheni ikikatika au ikitoka, breki imekwenda nayo, kwa hiyo cheni isilegee: bonyeza katikati yake, icheze sentimita moja hadi moja na nusu, basi. Kile kikono cha chuma upande wa kushoto wa kitovu lazima kifungwe kwenye fremu kwa bolti. Nisichokubali ni kukiona kimefungwa kwa waya. Na kwa anayepita barabara yenye daladala, fungeni breki ya pili gurudumu la mbele. Baiskeli ya breki moja ni ya ufuoni pekee.

Kuhusu uzito wa gia, kruza nyingi huja na meno 44 mbele na 18 nyuma. Kwa tairi ya inchi 26 hiyo inakupeleka kama mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwenye lami tambarare ni tamu. Kwenye mchanga, na kusi usoni, magoti yatalia. Mwombe fundi abadilishe spoketi ya nyuma iwe ya meno 20, inayokupa kama mita 4.5, au 22, inayokupa kama mita 4.1. Ni kipande kidogo cha bei ndogo, na kati ya marekebisho yote niliyowahi kufanya hakuna lililonifurahisha kama hili. Nilikuwa nikifika nikihema. Sasa naweza kuongea njia nzima.

Unayeishi penye mwinuko, kama wanaopanda kutoka ufuoni kwenda barabara kuu sehemu nyingi za Tanga na Mombasa, tafuta gia 3 zilizofungiwa ndani ya kitovu. Baiskeli nyingi za Kijapani zinazo. Waya ni mmoja, na mtambo wenyewe umo ndani ya mafuta yake.

Hatua ya 4: Chuma gani

Alumini haili kutu nyekundu, na kwa fremu na ringi ndiyo ningechagua. Isikudanganye ukadhani haidhuriki. Pale alumini inapogusana na chuma huku chumvi na unyevu vikiwa katikati, alumini huliwa na kufanya unga mweupe, na bomba la kiti huweza kushikana na fremu kana kwamba yamechomelewa. Dawa yake ni grisi, nitaieleza.

Fremu ya chuma si mbaya kama rangi yake ni nzima. Ina faida moja kubwa kijijini: ikipasuka, mchomeleaji yeyote ataiunga, jambo ambalo kwa alumini ni wachache wanaoliweza. Ukichukua chuma, basi ringi angalau ziwe za alumini na spoki ziwe za chuma cha pua. Beba sumaku ndogo dukani. Alumini haivutwi na sumaku kabisa. Ringi inayong'aa halafu ikavutwa ni chuma cha kromu, na kromu ikishachanika kutu inatambaa chini yake bila wewe kuiona.

Bolti na nati za chuma cha pua unaweza kubadilisha mwenyewe polepole. Pedeli chukua za plastiki ngumu. Vishikio vya usukani viwe vya mpira, si vya ngozi, kwani ngozi hunywa jasho na chumvi na kukakamaa.

Hatua ya 5: Mwili wako na nguo zako

Kaa kitini, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa kunyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo nguvu zilipo. Kruza nzuri husogeza pedeli mbele kidogo, hivyo unapata mguu ulionyooka na bado nyayo zote mbili zinagusa chini ukisimama. Hiyo ni salama kubwa mchangani, ambako baiskeli husimama ghafla bila kukuaga.

Mikono iwe imelegea, viwiko vimepinda. Usukani ukikugonga magoti unapokata kona, ni mrefu mno kurudi nyuma. Uzungushe juu au uache baiskeli hiyo.

Wanaovaa kanga, baibui au kanzu wachague fremu iliyoshuka katikati, na kava la cheni lililofunika pote, si lile nusu la urembo. Gurudumu la nyuma nalo linahitaji wavu au kinga ya pembeni. Dada mmoja jirani yetu aliburutwa na baibui lake lililoingia kwenye spoki, akavunjika mkono. Kinga hiyo unaweza hata kuishona kwa uzi wa nyavu, na wavuvi wetu watakushonea vizuri kuliko duka lolote.

Hatua ya 6: Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Iwe Darajani, Kariakoo au kwa mtu nyumbani kwake, nenda asubuhi kwenye mwanga na usikubali kuharakishwa.

Pindua baiskeli. Chini ya sehemu ya krenki ndipo maji yanapotuama ndani ya fremu, na ndipo fremu za chuma huoza kwanza. Gonga kwa spana. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito, au rangi iliyovimba kama malengelenge, ni kutu kutoka ndani, na hiyo haitibiki. Kisha omba bomba la kiti lichomolewe. Muuzaji akisema halitoki, mwamini, na uende zako.

Zungusha kila gurudumu ukiwa umeweka kidole karibu na ringi. Kuyumba kwa milimita mbili au tatu fundi atanyoosha, mradi vinati vidogo vinavyoshika spoki havijagandishwa na kutu. Shika gurudumu ulitikise kulia na kushoto, halafu shika krenki zote mbili ufanye vivyo hivyo. Zikicheza, gololi zimekwisha. Sikiliza gurudumu likizunguka peke yake. Sauti ya mchanga ndani ya kitovu haina mfano, ukishaisikia mara moja hutaisahau.

Iendeshe. Achia mkono mmoja kidogo, uone kama inavuta upande. Funga breki ukiwa mwendo wa kawaida, mara tano. Mwisho andikishianeni, namba ya fremu iwemo kwenye hati, maana baiskeli iliyoibwa itakufuata wewe, siyo aliyekuuzia.

Bei ya mtumba mimi huihesabu na robo yake juu: robo hiyo ni ya tairi, cheni na kazi ya fundi kabla hata ya safari ya kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza, kabla ya bahari

Hata iwe mpya dukani, ipeleke kwa fundi ifunguliwe. Nyingi hutoka kiwandani na grisi ya kuonja. Vitovu vyote viwili, sehemu ya krenki na shingo ya usukani vijazwe grisi ya magari, ile nzito isiyosombwa na maji kwa urahisi. Kitovu chenye breki kijazwe na fundi anayeijua kazi hiyo, kwa grisi inayostahimili joto, kwa sababu breki ikisuguana hupata moto. Bomba la kiti, shingo na kila bolti vipakwe grisi kabla ya kukazwa. Ndani ya fremu ya chuma mimina mafuta ya injini kidogo kupitia tundu la kiti, uipindepinde ili yatambae kila pembe, kisha iache ichuruzike usiku kucha.

Usifunge keria mpaka umejua utabeba nini. Keria tupu inakusanya kutu bure, lakini ya kubebea ndoo ya samaki au gunia la mwani iwe imefungwa kwenye ekseli, isining'inie kwenye bolti za madigadi.

Hatua ya 8: Kila unaporudi

Mwagia maji matamu, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Usielekeze mpira wenye nguvu kwenye vitovu, unasukuma mchanga ndani. Vijiji vingi vya mwambao vina visima vya maji ya chumvichumvi. Onja kwanza, kwa sababu kuisuuza baiskeli kwa maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Ndoo moja ya maji ya mvua inatosha.

Futa kwa kitambaa, iache ikauke kivulini, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pingili ya cheni, zungusha, na ufute yaliyobaki nje. Kufuta huko watu hukuruka, na mafuta yaliyobaki nje ndiyo yanayokamata mchanga na kuufanya msasa. Mafuta ya kupikia na ya nazi usitie, yanaganda.

Usivuke mkondo wa maji uliofika kwenye vitovu; shuka, ibebe begani. Wakati maji yamepwa, pita mbali na kamba na vigingi vya mwani. Wakulima wake, wengi wao kina mama, wameinama hapo tangu alfajiri, na tairi moja ikikata kamba inapeleka baharini kazi ya wiki kadhaa. Mimi hushuka kabisa ninapofika kwenye mashamba yao, nikasalimu, nikasukuma mpaka niyamalize.